Kimya, Tunarekodi

Haya yalimpata Nélida Guineo, ambaye mlango wa jikoni kwao unatazamana na wetu hapa kisiwani Chiloé. Asiyeamini aende akamuulize mwenyewe.

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida mno. Mvua ya rasharasha, kibuyu cha chai chungu kikizunguka mkono kwa mkono, na boti ya mzee Baudilio imetulia katikati ya mlangobahari. Kazi nayo ilikuwa ile ile ya kila msimu: kulihudumia sikio. Ndivyo tunavyokiita kile chombo kinacholazwa chini ya bahari kupima kelele za vizimba vya samaki, maana kelele zikiwazidi nyangumi, kampuni inayofuga samaki hao hunyang'anywa kibali. Nélida alilivuta juu, akalikwangua kome kwa kijiti, kwa sababu chuma hukwaruza, akabadili betri, akaupaka grisi mpira unaozuia maji.

"Safisha vizuri, binti," alisema don Custodio Barría, msimamizi wa kampuni, hedifoni zikimning'inia shingoni. "Kaka yako alikuwa analipapasa tu. Chupa ilimzidi nguvu."

Mzee Baudilio akatazama pembeni.

Kaka huyo, Eleuterio, alizama hapo hapo mwaka uliotangulia, akifanya kazi hiyo hiyo, na mwili wake haukuonekana. Custodio aliapa kuwa alipiga mbizi akiwa amelewa. Eleuterio, ambaye hata pombe ya tufaha ya sikukuu ilimpa kiungulia! Lakini msimamizi akisema, kijiji humeza. Mama yao, aliyekuwa akiongoza sala za maiti kanisani tangu ujana wake, hakukanyaga tena pale kwa aibu.

Nélida aliuma kipande cha mdomo cha mpira wa hewa, akashuka na sikio lake. Juu, kompresa ilinguruma ikimsukumia pumzi. Akalifunga sikio kwenye nanga, kisha akaligonga kwa kifundo cha kidole, ada ya kazi, ili aliye juu na hedifoni ajue kuwa linasikia.

Ndipo kompresa iliponyamaza.

Hewa ikawa nyembamba. Ikawa nzito. Ikaisha.

Alivuta kamba. Hakuna aliyemvuta. Akaligonga sikio tena, kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba inayoungua.

Kando yake, gizani, kitu kikagonga pia. Mbili za haraka. Kituo. Moja.

Hivyo ndivyo Eleuterio alivyokuwa akibisha mlango wa jikoni.

Mkono ukamshika kiwiko. Ulikuwa baridi kuliko maji. Ukamsukuma juu.

Baudilio alimpandisha botini akitapika chumvi. Don Custodio alikuwa amesimama mbele ya kompresa, ameikinga kwa mwili wake, hedifoni masikioni, uso umempauka.

"Umeizima?" Nélida alinong'ona.

"Ni kipimo, mwanangu! Injini ikiwaka inaharibu rekodi, na mkaguzi anasubiri. Hewa ya kwenye tangi ingekutosha..."

"Nilimkataza," alisema Baudilio. "Safari hii nilimkataza."

"Safari hii, mjomba?"

Mzee akainamisha kichwa. "Mwaka jana aliizima vilevile. Kaka yako akagonga. Sote tukasikia. Yeye akasema, tusubiri rekodi iishe."

Don Custodio alizing'oa hedifoni akazitupa baharini. Lakini viganja vyake vikarudi kuziba masikio.

"Mwambie aache," alisema. "Mwambie aache kugonga."

Sikio lake la kushoto lilikuwa linatiririsha maji.

Tangu siku hiyo hakuweza kukaa penye kimya. Aliichukua kompresa ile nyumbani, akaiweka kando ya kitanda, ikanguruma usiku na mchana. Majirani walimlaani. Baudilio alieleza kila kitu kijijini, lakini neno la mvuvi mbele ya neno la msimamizi ni povu. "Mzee anazeeka vibaya," wakasema.

Jumapili, watu wakijaa kanisani, Nélida alimwendea Custodio. Nyumba yake inapakana na kanisa, na madirisha yote yalikuwa wazi.

"Nenda ukaseme mbele ya watu," alimwambia. "Sema hakuwa mlevi."

"Nikisema nafungwa." Alikuwa amekonda, na mto wake ulikuwa umelowa. Hata hivyo alitabasamu. "Na nani atakuamini? Dada wa mlevi?"

Nélida aliinama. Akaweka kidole kwenye swichi ya kompresa.

"Hapana," alisema Custodio. "Binti, hapana."

"Kimya, don Custodio. Tunarekodi."

Akazima. Akatoka nje, akaufunga mlango.

Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha, kutoka ndani: mbili za haraka. Kituo. Moja.

Custodio alianza kupiga kelele. Alilisema lote, la kompresa, la rekodi aliyoifuta, la chupa ambayo haikuwepo, kwa sauti iliyokata wimbo kanisani. Watu wakatoka. Wakasikia kila neno.

"Basi, mwashie, mwanangu," Baudilio alimnong'oneza. "Ameshakiri."

Nélida hakutikisika.

"Tusubiri rekodi iishe, mjomba."

Sauti ikageuka mbubujiko. Ikakoma.

Walimkuta kitandani, shuka limekauka, mapafu yamejaa maji ya bahari. Aliyeitwa kuongoza sala za maiti ni mama yake Nélida. Alikwenda, kichwa juu.

Nyumba ile sasa ina wapangaji wengine. Ukutani, penye kichwa cha kitanda, kuna madoa matatu ya maji ya chumvi, kila moja ukubwa wa kifundo cha kidole: mawili yamekaribiana, moja liko mbali kidogo. Wameshabadilisha mbao mara kadhaa. Mara ya mwisho, fundi aling'oa ubao mpya na kukuta, upande wa ndani, kome wachanga wameshaanza kuota.