Laptop ya Glory, Akaunti ya Sheldon

"Nimekwambia sitaki ya michezo, Gakii! Nataka kompyuta ya nyumbani. Ya kusomea, ya kuandikia, na ya kumwona baba bila sura yake kukatika vipande. Basi."

Aliyekuwa akisema hivyo kwenye simu alisimama katikati ya duka la vifaa vya umeme huko Lewisville, Jumamosi ile ya Agosti ambayo Texas nzima hutoka kununua vitu bila kodi. Watu walibanana, watoto walilia, mikokoteni iligongana. Glory Mmari alivaa sketi ya kitenge cha bluu, fulana nyeupe na raba za kazini zilizosuguliwa hadi zikang'aa. Usoni alikuwa na hasira ya mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba msamaha wa kodi ni wa nguo na mabegi ya shule, si wa kompyuta.

Hatua mbili nyuma yake, Sheldon Onyancha alisahau waya wa chaja aliotumwa na binamu yake. Alikuwa amekuja kutoka Houston kutembea tu, na masikio yake hayakuwa yamesikia Kiswahili kilichopigwa pasi namna ile tangu lini sijui. Akajikohoza.

"Sister, hiyo umeshika, wacha."

Glory akageuka. "Samahani?"

"Hiyo ya two hundred. RAM ni four. Ukifungua video call na kitu kingine kidogo, ina-hang. Utadhani imekufa."

"Kwanza, hujambo?"

Sheldon akaona haya, mtu mzima na ndevu zake. "Sijambo. Pole. Sisi Wakenya salamu huwa tunasahau kwa gari."

"Nimeona. Gakii, nitakupigia baadaye. Kuna Mkenya mwenzako hapa ananigombeza."

Gakii, muuguzi wa Meru aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alicheka kwa sauti hadi Sheldon akamsikia.

Kazi ya Sheldon ilikuwa kutengeneza kompyuta za kliniki moja kule Houston, mtaa wa Sharpstown, kwa hiyo alijua anachosema. Alimpitisha Glory mbele ya zile zenye taa za rangi, akampitisha mbele ya zile nyembamba za bei ya kutisha. "Ya nyumbani ni kama sufuria ya ugali," akamwambia. "Huangalii urembo, unaangalia kama chini ni nzito." Memori nane kwenda juu, kumi na sita ukiweza. Diski ya kisasa, ile isiyozunguka. Betri ya siku nzima. Halafu vitufe, maana atakayeandika ni wewe, si muuzaji. Glory akafungua na kufunga vifuniko kama anayechagua nazi, na kwenye kila mashine akaandika maneno yale yale: shikamoo baba. Mwishowe akaichukua moja ya kijivu, haina mbwembwe, bei ya katikati.

"Hii inanisikiliza," akasema.

"Mashine inakusikiliza? Lucky machine."

Glory akamtazama, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Sheldon akawa amekwisha.

Waliifungua kwenye duka jirani la taco, zile chapati za Kimeksiko zilizokunjwa na nyama. Ikaomba akaunti. Glory akaweka barua pepe yake, nywila ameisahau. Mashine ikasema itatuma namba za siri kwenye simu yake, na namba iliyosajiliwa ilikuwa ya laini yake ya zamani ya Tanzania.

"Laini hiyo iko Machame," Glory akasema kwa unyonge. "Kwenye droo ya mama."

"Usijali. Naweka yangu kwa muda, tutabadilisha."

Kwa muda! Maneno haya mawili yamevunja nyumba nyingi kuliko uongo. Sheldon akaandika akaunti yake, mashine ikafunguka, wakala taco, wakapeana namba za simu. Hakuna aliyebadilisha chochote.

Mapenzi yakashika moto. Kila jioni simu. Kila wikendi ya pili Sheldon alipanda barabara ya I-45 saa nne nzima, au Glory akashuka kwa basi na kontena la ndizi nyama mapajani.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, lakini si chakula chako."

"Muongo wewe. Wakenya mnajua kusifu lini?"

"Tunajifunza. Nimepata mwalimu strict."

Mwanzoni mwa Septemba, Sheldon akitafuta picha kwenye simu yake, alikuta faili asilolijua: maelezo ya somo la mishipa ya fahamu. Akaduwaa, kisha akaelewa. Kila alichoandika Glory kwenye ile laptop kilikuwa kinahifadhiwa kwenye akaunti yake yeye. Masomo yake, barua zake, vyote. Jambo la kusema lilikuwa dogo: Babe, tulisahau kitu, tukirekebishe. Alipanga kusema jioni ile. Jioni ile Glory alikuwa amechoka. Akapanga kusema Jumapili. Jumapili walicheka sana, akaona aibu kuharibu. Wiki ya tatu ikawa ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa angeulizwa: ulikuwa wapi wiki mbili? Akajifariji kwamba hafungui chochote. Na kweli hakufungua, hadi Alhamisi moja ya Novemba.

Alikuwa kwenye mapumziko ya mchana, sandwichi mkononi, simu ikaonyesha faili jipya. Jina lake: Barua ya posa.

Mkono ukafungua kabla kichwa hakijakataa.

*Kwa Mzee Elirehema Mmari. Sisi ukoo wa Mzee Modestus Massawe tunakusalimu kwa heshima. Kijana wetu Rogers, katika pitapita zake, ameona ua zuri katika bustani yako, naye anaomba ruhusa ya…*

Akaifunga. Mzee Elirehema Mmari alikuwa baba yake Glory. Na Rogers ni nani? Anaposa lini? Na kwa nini barua iko kwa Glory? Kwa nini ameificha? Mwezi uliopita tu yeye Sheldon alikuwa amemwambia, "Desemba nakuja Moshi niongee na mzee," na Glory akanyamaza kwenye simu muda mrefu, akasema, "Haya." Sasa akakielewa kile kimya, au alidhani amekielewa. Na hakuweza kuuliza! Angeulizaje bila kusema amejuaje? Mwizi hawezi kwenda polisi kushtaki kwamba alichoiba kimemuumiza.

Ile sandwichi akaitupa.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa za tabu. Simu ikilia anaruka. Akipokea, anajibu kwa neno moja moja.

"Sheldon, mbona unanijibu kama watu wa bima?"

"Niko sawa. Ni kazi."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Nimekukosea?"

Alitaka kusema kila kitu, akaishia kuuliza kama huko kuna mvua.

"Ulisema Desemba utakuja kuonana na baba," Glory akasema taratibu. "Bado ipo?"

"Tutaona."

"Tutaona," Glory akarudia. Hakukata kwa hasira. Aliaga vizuri, akamtakia usiku mwema, na hilo ndilo lililomtisha Sheldon zaidi. Kesho yake hakupiga. Kesho kutwa pia.

Ijumaa akapigiwa na Gakii.

"Wewe Sheldon, nini mbaya na wewe? Huyu dame analia kwa bathroom na maji imefunguliwa, anadhani siskii. Kama umepata mwingine, sema. Kama hujapata, ingia kwa gari."

"Gakii, kuna kitu nilifanya."

"Usiniambie mimi. Mimi si pastor."

Jumamosi asubuhi akaingia kwenye gari. Hadi anafika Huntsville alikuwa ameandaa maneno mazuri. Alipofika Corsicana alikuwa ameyasahau yote. Mara mbili alitoka barabarani akataka kugeuza. Hofu yake ilikuwa moja tu, nayo alijua jina lake: akisema anampoteza Glory, asiposema anampoteza vilevile. Akaona afadhali kumpoteza akiwa amesema.

Glory alimfungulia mlango akiwa amevaa dera la zambarau, nywele amesuka twende kilioni, macho yamevimba kidogo. Gakii alikuwa kazini. Laptop ya kijivu ilikuwa wazi juu ya meza ya chakula, karibu na bakuli la machungwa.

"Karibu," akasema. "Umekula?"

Hata leo! Sheldon akahisi machozi. "Glory, nimesoma barua yako."

"Barua gani?"

"Ya posa. Ya Rogers. Kama umeshaamua, niambie tu. Sitakulaumu. Lakini niambie."

Glory akavuta kiti akaketi polepole. "Rogers?"

"Rogers wa Modestus."

"Rogers ni shemeji yangu! Ni mume wa dada Prudensia. Wana watoto watatu na mbwa." Akamkazia macho. "Hiyo barua ni ya ukoo wao, ya miaka tisa iliyopita. Dada aliipiga picha akanitumia, nikaichapa upya iwe mfano."

"Mfano wa nani?"

"Wako, mwanaume wewe! Baba yangu hapokei mtu asiye na barua. Mchumba wa binamu yangu Tania alikuja na magari manne, Wakenya hao hao, hawana hata karatasi. Walinyweshwa soda getini wakarudi. Ulivyosema Desemba, nikasema huyu naye atakuja na msafara. Ngoja nimsaidie."

Furaha ikampanda Sheldon hadi kwenye masikio. Akacheka, akanyoosha mikono. Glory hakunyoosha ya kwake.

"Umeisomaje?" akauliza.

Mikono ikashuka. Akamweleza yote: akaunti, simu, faili la mishipa ya fahamu. Hakujipamba.

"Umejua tangu lini?"

"September."

Glory akaigeuza laptop imtazame Sheldon, akabonyeza mara mbili. Kwenye kioo zikatokea picha za Sheldon, hati zake za kazi, karatasi zake za uhamiaji, na folda moja imeandikwa Private.

"Mafaili yako yako humu tangu siku ile ya taco," akasema. "Na folda hii. Niambie ni mwanamke gani analiona neno hilo miezi mitatu na haifungui folda. Ni mimi. Nilidhani umeyaacha kwa makusudi. Nikasema, huyu mwanaume ameniwekea maisha yake mezani, hajaficha kitu. Ndiyo maana nilikupenda haraka hivyo." Sauti ikakatika. "Kumbe ulisahau tu. Na yangu ukayachungulia, halafu ukanihukumu, halafu ukaniambia tutaona."

Kuna makosa ambayo mtu akijitetea anayaongeza, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba Sheldon alikuwa na akili ya kulijua hilo. "Ni kweli," akasema. "Yote uliyosema ni kweli. Niliogopa, na uoga wangu nikakubebesha wewe. Nisamehe."

"Itoe akaunti yako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nikiona."

Akaketi. Sheldon akayahamishia masomo ya Glory kwenye flashi, moja moja, bila kutazama ndani. Ikabaki barua.

"Hii nayo niihamishe?"

"Hapana."

"Nikifuta, hapa hutaipata tena."

"Iende."

Sheldon aliona kwamba pale ndipo mwisho wake, kwamba anaifuta safari ya Moshi na nyumba na kila kitu. Lakini alikuwa ameambiwa. Akabonyeza. Mashine ikazima, ikawaka, ikajifuta, ikazunguka zunguka kwa karibu saa nzima. Glory alimenya chungwa. Hakumpa, na Sheldon hakuomba.

Mwishowe mashine ikauliza jina la mwenye nayo. Glory akaivuta kwake. Sheldon akageuka akatazama dirishani, kwenye maegesho ya magari, mpaka vitufe vilipoacha kulia.

"Unaweza kugeuka."

Kwenye kioo palikuwa na ukurasa mweupe, mtupu. Glory akaisukuma laptop mbele yake.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Ile ilikuwa ya kina Rogers, imeshafanya kazi yake. Na mimi siwezi kujiposa mwenyewe, nilifanya ujinga kuanza. Baba yako anaitwa nani kwa ukamilifu?"

Sheldon akamtazama. Alitaka kuhakikisha anasikia anachosikia. "Mzee Nyakundi Onyancha."

"Basi anza naye. Nitakutajia, wewe chapa, halafu mtumie aisaini. Na baba hapendi kusalimiwa kwa haraka, kwa hiyo salamu ziwe ndefu."

"Glory, umenisamehe?"

"Nimesema andika. Kusamehe natafuta bado, niko karibu."

Akaandika. *Kwa Mzee Elirehema Mmari. Sisi ukoo wa Mzee Nyakundi Onyancha tunakusalimu wewe, na mama, na watoto, na mifugo…* Glory alitaja, alisahihisha, alimgonga begani kwa kidole alipokosea. Mkono haukuondoka begani tena. *Kijana wetu Sheldon ana makosa yake, nasi hatuyafichi*, Sheldon akaongeza mwenyewe, na Glory hakukataza. *Naye anamwomba binti yako…*

Alipofika hapo, Glory hakumtajia. Akasubiri Sheldon aliandike hilo jina mwenyewe, na Sheldon akaliandika polepole, herufi moja moja, asije akakosea.