Laini ya Shangazi Ajiko

Kila Jumamosi asubuhi Amoit na nyanya yake, Perez, walikaa mlangoni wakibambua njugu. Nyanya alizikaanga na kuwauzia madereva wa malori waliosubiri kuvuka mpaka hapo Malaba. Amoit alikuwa gredi ya saba. Wazazi wake walifanya kazi Eldoret, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wawili hao tu, na kazi ilikwenda vizuri mpaka simu ilipolia.

Kama watu wengi wa mpakani, Nyanya alikuwa na simu ya laini mbili. Laini ya Kenya ilikuwa ya wateja na kanisa. Laini ya Uganda ilikuwa ya mtu mmoja tu, bintiye Ajiko, mwenye duka la nguo Tororo, ng'ambo ya mpaka; yeye ndiye aliyepiga kila mara, maana Nyanya alijua kupokea tu. Sikio moja la Nyanya lilikuwa zito, hivyo alizoea kuweka spika, na Amoit alisikia kila neno.

"Ulinizaa ili unitese," Shangazi Ajiko alisema Jumamosi moja. "Wote mnanicheka huko."

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Usijifanye hujui. Wewe si mama."

Wiki iliyotangulia shangazi huyohuyo alikuwa amepiga simu akilia, akisema hakuna mama duniani kama Nyanya. Ndivyo alivyokuwa kwa kila mtu. Mumewe alikuwa malaika, kisha ghafla akawa adui, na marafiki vivyo hivyo. Hakuwa amekanyaga Malaba tangu mazishi ya Babu, alipougombeza ukoo mzima mbele ya wageni. Emmaculate, muuguzi aliyeishi jirani, aliwahi kumwambia Nyanya kwamba huenda ni tatizo la kiafya, linalovuruga jinsi mtu anavyojiona na anavyoishi na wenzake. "Lakini siwezi kuapa," alisema. "Lazima apimwe na daktari wa akili." Shangazi alipoambiwa hivyo alidai kwamba wanamwita mwendawazimu, akakataa katakata.

Simu ilipokatika, Nyanya alijifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Kwa nini unampokea?" Amoit aliuliza. Damu ilikuwa ikimchemka.

"Nisipompokea atajua nimemtupa."

Jibu gani hilo! Mtu mzima anamtukana mama yake mzazi, halafu mama ndiye anayeogopa kukosea. Nyanya alipoingia jikoni, Amoit alifungua simu, akaitoa kadi ya ile laini ya Uganda, akaificha ndani ya soksi yake ya shule. Nyanya alipouliza baadaye kwa nini simu imekuwa kimya, Amoit alijibu bila kupepesa macho, "Labda ni mtandao."

Siku za mwanzo nyumba ilitulia, na Amoit akajipongeza. Kisha akaona Nyanya anaacha chakula sahanini. Akaona njugu zimeungua kwenye kikaango na Nyanya amesimama kando yake, simu mkononi.

"Ajiko hanyamazi namna hii," Nyanya alisema. "Kuna jambo limempata."

Amoit alijiambia kwamba Nyanya atazoea tu.

Siku iliyofuata alirudi kutoka shuleni akakuta mlango umefungwa. Emmaculate alimwambia Nyanya amepanda pikipiki kwenda Tororo, amebeba mkebe wa njugu za kusaga. Walingoja wote wawili hadi jua lilipoanza kushuka, ndipo Nyanya akaja, vumbi mwili mzima, mikono mitupu.

"Amenikataza hata kukanyaga dukani kwake," alisema akiketi. "Mkebe ameutupa barabarani, watu wanatazama. Anasema nimemfungia simu. Anasema kila akipiga, laini haipatikani."

Alitoa simu yake polepole, akafungua mfuniko wa nyuma, akatazama pale laini ilipokuwa ikikaa.

"Amoit."

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini. Amoit aliumeza, akaenda kuileta soksi. "Mimi ndiye niliyeitoa. Nilichoka kukuona ukilia. Namchukia yule mwanamke."

Nyanya alipiga meza kwa kofi, vikombe vikaruka. "Nimekosa usingizi nikidhani mwanangu amekufa. Umeniona hivyo kila asubuhi, na kumbe umemficha kwenye soksi!"

"Nisamehe, Nyanya. Nilidanganya." Amoit alikuwa akilia sasa.

"Na Ajiko pia amenikasirisha," Nyanya alisema, kana kwamba neno hilo ndio kwanza analisikia. "Miaka yote hii najiuliza nilimlea vibaya wapi. Leo nimetukanwa barabarani, mbele ya watoto wadogo. Nimekasirika sana."

"Una haki, mama," alisema Emmaculate. "Kama ni ugonjwa, si kosa lake wala lako. Lakini hakuna ugonjwa unaokulazimisha kusikiliza matusi. Mwambie utakachokubali na utakachokataa, halafu ushikilie hapo hapo."

Nyanya aliirudisha laini kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili, baada ya ibada, simu ililia.

"Ulikuja kuniaibisha kwa wateja wangu," Shangazi alianza.

"Ajiko, nisikilize. Laini ilitolewa hapa nyumbani bila mimi kujua. Kwa hilo nakuomba radhi. Nakupenda, na siku ukikubali kwenda kwa daktari nitakusindikiza. Lakini matusi sitayasikiliza tena. Ukitukana, nakata."

"Unanitisha mimi? Mchawi wewe."

Nyanya akakata. Safari hii hakulia.

"Atapiga tena?" Amoit aliuliza.

"Huenda akapiga. Huenda asipige mwaka mzima, na itaniuma."

"Mimi bado nina hasira naye."

"Hata mimi. Kasirika, mjukuu wangu, hasira si dhambi. Lakini Ajiko ni mtoto wangu, na kuamua nimsikilize au nisimsikilize ni kazi yangu. Usinidanganye tena eti unanilinda. Ukitaka kunilinda, niambie ukweli, kisha kaa karibu nami nikiamua."

Amoit akasogeza kigoda chake karibu. Hawakuwa wamesema neno jingine simu ilipolia tena, ile ile laini ya Uganda. Nyanya aliiacha ilie kidogo, akavuta pumzi, akaipokea.

"Haya, Ajiko," alisema. "Tuanze upya."