Zulia la Kuazima

Siku ya mazoezi, Msusi hakaliki. Mikono inasuka, macho yako mlangoni. Mteja akiinamisha kichwa, yeye anainua chake kuangalia saa ya ukutani. Akifika nusu ya kichwa, anasema, "Dada yangu, nisubiri kidogo. Nampeleka Baba, narudi sasa hivi." Wateja wake wamezoea. Mtaani wapo wanawake kadhaa waliowahi kwenda sokoni wamesukwa upande mmoja, na hakuna anayewacheka tena.

Baba yake alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za mtaa ule zimepita mikononi mwake, na mpaka leo hapiti karibu na ukuta bila kuukagua. Mwaka juzi alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno nayo yakawa mazito mdomoni. Mtu aliyekuwa akiwafokea vibarua kutoka juu ya jukwaa akawa anageuzwa kitandani na binti yake. Msusi alifunga saluni. Aliogopa kwamba hataifungua tena.

Kilichowatoa huko ni chumba kimoja nyuma ya zahanati ya halmashauri. Chumba chenyewe si cha kujisifia. Sakafu ina mashimo, dirisha limezibwa kwa kadibodi, na vyuma viwili vya kujishikia vinacheza kama jino bovu. Lakini siku mbili kila wiki huja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye wote humwita Mwalimu. Mwalimu hana maneno matamu.

"Mzee, simama."

"Si-siwezi."

"Juzi ulisimama. Simama."

Na Baba akasimama. Baada ya miezi akapiga hatua. Sasa anakwenda zahanati kwa miguu yake na fimbo, binti yake pembeni, mikono mbele bila kumgusa, kama mtu anayevizia kuku. Saluni ilifunguliwa tena. Nyumbani watu wakaanza kucheka tena.

Siku moja Nesi wa zahanati akawapa habari.

"Kamati ya madiwani inayosimamia afya na ustawi wa jamii inakuja. Wanataka kukiona hiki chumba kabla ya kupanga bajeti ya mwakani."

Msusi alisikia neno moja tu: wanakuja. Na anayekuja ni mgeni, na mgeni haonyeshwi uchafu wa nyumba. Roho ikamruka. Tangu siku ile hakulala wala hakulaza watu.

"Jamani, mtatuaibisha!" aliwaambia wenzake wanaowauguza wagonjwa. "Madiwani waingie kwenye mashimo haya?"

Wakafagia, wakapangusa, wakapiga deki. Sakafu ikafunikwa kwa zulia lililoazimwa sebuleni kwa shemeji yake Msusi. Vile vyuma vibovu vikafichwa nyuma ya pazia. Wagonjwa wasiojiweza wakaambiwa wapumzike nyumbani siku hiyo, waje wale wanaotembea tu. Mwalimu akashangaa.

"Mama, sasa mnafanya nini?"

"Wewe fundisha mazoezi. Mambo ya wageni waachie wenyeji."

Baba alivalishwa koti lake la harusi.

"Baba, wakikuuliza kitu, cheka tu," Msusi alimwambia.

Baba alimtazama. Hakucheka.

Madiwani wakaja. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye bashasha, akakanyaga zulia akafurahi.

"Pazuri hapa! Haya, semeni. Mna shida gani?"

Watu wakatazamana. Msusi akawahi.

"Hatuna shida, mheshimiwa. Tunashukuru kwa kila kitu."

Wakapeana mikono, wakaondoka. Msusi alirudi saluni kifua mbele. Alisuka siku nzima bila kuangalia saa.

Haikupita muda mrefu, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Watu walisoma, wakaenda kumwita Msusi. Alifika mbio, chanuo bado limechomekwa kichwani. Yalikuwa mapendekezo ya bajeti. Kamati ilisema chumba cha mazoezi kiko katika hali nzuri, kinatumiwa na watu wachache, na watu hao wamepata nafuu. Kwa hiyo Mwalimu asilipwe tena mwakani. Fedha hizo zijenge ukuta mpya kuzunguka ukumbi wa halmashauri.

Msusi hakumalizia kusoma. Alikwenda moja kwa moja kwa Nesi akamfokea. Nesi akamwacha amalize.

"Dada, mimi sigawi fedha. Mimi nachoma sindano," alisema.

Msusi akatoka hapo, akarudi, akatoka tena. Alipita mbele ya saluni yake mwenyewe bila kuingia. Mwisho miguu ikampeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi la jirani yake. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyewahi kuwa diwani, kisha akaangushwa kwenye uchaguzi. Watu bado humwita Mheshimiwa, wengine kwa heshima, wengine kwa kumtania. Yeye huwaitikia wote.

"Wametumaliza, Mheshimiwa! Wamemkata Mwalimu! Baba anarudi kitandani!"

"Kaa kwanza."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini sikiliza. Ulichosoma kimeandikwa nini juu?"

"Mapendekezo."

"Haya. Mapendekezo ni tofali bichi. Bado ukilibonyeza linabonyea. Kamati inapendekeza. Kisha wananchi wanaitwa kutoa maoni. Kisha baraza zima la madiwani linakaa na kupiga kura. Likishapiga kura, tofali limechomwa. Kulibadilisha hapo ni kazi."

"Na hayo maoni yanatolewa lini?"

"Alhamisi ijayo. Imeandikwa palepale, chini. Wewe ulisoma kwa hasira, ukaishia katikati."

Msusi akashusha pumzi. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akasimama tena.

"Kumbe watu wanaruhusiwa kusema?"

"Wanaruhusiwa, ila hawaji! Nilipokuwa diwani tulikuwa tunapanga viti ukumbi mzima. Wanakuja watu wa kuhesabika, na mmoja wao kakimbia mvua. Halafu bajeti ikipita, mtaa mzima unakuja kwangu kunifokea, nami nina tonge mkononi." Mheshimiwa akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sasa niambie. Nani aliwaambia hamna shida?"

Msusi akatazama chini.

"Habari za zulia zimenifikia," Mheshimiwa akasema.

"Walikuwa wageni! Ningewapokeaje?"

"Hawakuwa wageni. Ni watu mliowachagua na kuwatuma. Mgeni unamficha sufuria iliyotoboka, sawa. Lakini fundi uliyemwita azibe paa, utamficha panapovuja? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Maneno yalimchoma Msusi kwa sababu yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameona fahari siku ile. Alimnyamazisha baba yake na kuwafungia wenzake majumbani, yote kwa ajili ya sura nzuri ya chumba. Aliona aibu, na aibu hiyo haikumpa nafasi ya kukaa.

"Nifanye nini sasa?"

"Nenda kwa mtendaji wa kata, mwambie unataka kuzungumza kwenye mkutano. Usiende peke yako, nenda na wenye shida wenyewe. Usipitie mlango wa nyuma wa diwani na kuku mkononi. Hii si hisani unayoomba, ni kodi yako. Na ukisimama, sema nani anaumia, sema mnataka nini, halafu sema fedha zitoke wapi. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukisema 'tupeni' tu, watakujibu hakuna. Ukisema 'hiki kingoje, kile kitangulie', hapo lazima wafikiri."

Siku zilizofuata Msusi aligeuka kiguu na njia. Alisuka asubuhi, mchana akapiga hodi mlango kwa mlango. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye mtoto asiyeweza kukaa bila kushikiliwa. Mama yule hakumkaribisha ndani.

"Siku ile ulituambia tujifiche," alisema. "Leo tunafaa kuonekana?"

Msusi alijibu palepale mlangoni.

"Nilikosea, dada. Niliona haya ya bure. Naomba mje. Bila nyinyi wataamini yale niliyowaonyesha mimi."

Mama akamtazama sana. Mwisho akamweka mtoto begani.

"Tutakuja. Lakini usimfunike."

Aliyebaki mgumu ni Baba. Kila akiambiwa habari za mkutano, aligeukia ukutani.

"Si-sitaki. Wa-wataniangalia."

Msusi alitaka kubembeleza, akajizuia. Alishamwamulia mara moja, na mambo yakaharibika. Lakini moyo haukutulia. Usingizi ulimpaa mpaka alfajiri ya Alhamisi. Alipoingia chumbani kwa baba yake, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Koti la harusi lilikuwa pembeni. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya kazi, ya zamani, yenye madoa ya chokaa. Vifungo alivifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, vimepishana.

"Twende," alisema.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa kuliko viti. Wengine walikuja kwa fimbo, wengine kwa viti vya magurudumu, wengine wamebebwa mgongoni. Mheshimiwa alikaa nyuma kabisa, amekunja mikono. Mwenyekiti wa kamati alikuwa meza ya mbele. Walizungumza kwanza watu wa soko, kisha watu wa stendi. Msusi alikuwa akisimama na kukaa mpaka jirani yake akamshika nguo.

Zamu yake ilipofika, alisimama.

"Waheshimiwa, tunaomba Mwalimu wa mazoezi abaki. Akiondoka, hawa mnaowaona watarudi vitandani, nasi tutaacha kazi tuwauguze."

Mwenyekiti akatabasamu.

"Mama, hicho chumba tulikiona kwa macho yetu. Wewe mwenyewe ulituambia hamna shida."

Minong'ono ikasambaa ukumbini. Msusi aliisikia. Lakini alibaki amesimama.

"Ni kweli, nilisema. Mlichokiona nilikipamba mimi. Zulia lilikuwa la kuazima. Chini yake kuna mashimo. Nyuma ya pazia kuna vyuma vinavyotaka kung'oka. Na hawa wote niliwaambia wasije. Msiwahukumu wao kwa uongo wangu. Njooni tena bila kutuambia."

"Sawa, tumekusikia. Lakini fedha zenyewe hazitoshi. Tuzitoe wapi?"

Kabla hajajibu, kiti kilikwaruza sakafu. Baba alikuwa amesimama.

Alianza kwenda mbele. Fimbo, mguu wa kushoto, kisha ule wa kulia ukiburutwa. Msusi alinyoosha mikono, baba yake akamkata jicho, naye akairudisha. Ukumbi ulikuwa mrefu. Mwenyekiti alitazama saa, akafungua mdomo, akaufunga. Mtu mmoja alikohoa, akaona haya. Watu walikuwa wakiisikia ile fimbo tu. Katikati ya njia Baba aliyumba, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akajishika kwenye mgongo wa kiti. Akaendelea.

Alipofika meza ya mbele, jasho lilikuwa linamtiririka. Aliwatazama madiwani mmoja mmoja, vile alivyokuwa akiwatazama vibarua waliochelewa kazini.

"Mi-mimi ni mwashi," alisema. Maneno yalimtoka polepole, kila moja kwa kazi yake. "Nimejenga... kuta. Maisha yangu yote. Ukuta... unangoja." Akapiga paja lake la kulia kwa kiganja. "Mguu... haungoji."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliinuka, akazunguka meza, akamletea Baba kiti chake mwenyewe. Baba akakikataa. Akageuka, akaanza safari ya kurudi.

Wiki ile kamati ilikuja kukiona chumba bila kutoa habari, ikatia miguu kwenye mashimo. Siku baraza lilipokaa, Msusi alikuwepo. Mheshimiwa alimwambia kuwa kikao cha bajeti ni cha wazi, mwananchi anaweza kukaa akasikiliza. Alisikiliza huku akitafuna kucha. Madiwani walibishana. Wengine walitaka ukuta wao. Mwisho mikono iliinuliwa, na walio wengi wakakubali: ukuta ungoje, Mwalimu abaki, vyuma vitengenezwe. Sakafu hawakuipata. Waliambiwa waiombe mwakani.

"Mwakani tutakuja," Msusi alijibu kutoka nyuma, na katibu wa baraza akamwonya kuwa wasikilizaji hawaruhusiwi kusema.

Leo siku za mazoezi kile chumba hujaa mpaka nje. Juzi alifika mwanamke mgeni, mumewe amelala ndani ya mkokoteni, mdomo umekwenda upande. Mwanamke yule alikuwa na bahasha mkononi. Alimfuata Msusi mlangoni.

"Dada, samahani. Hapa anaombwa nani?"

Msusi aliisukuma ile bahasha irudi ndani ya kanga yake.

"Hapa haombwi mtu," alisema. "Mwingize. Hiki chumba ni chako."