Joram Ajifunza Gitaa Upya

Kila asubuhi Aoko alitoka nyumbani, mtaa wa Obunga mjini Kisumu, na karai la omena, dagaa wa ziwani, kichwani, akaenda sokoni. Binti yao Apiyo alikwenda shule. Joram, mume wa Aoko, alibaki peke yake. Alifagia chumba, akachota maji, kisha akakaa kitandani. Ikifika saa nne hakuwa na kazi nyingine.

Zamani Joram alipiga gitaa katika bendi ya jazz. Kutoka Kisumu hadi Bondo watu walicheza nyimbo zake. Siku za kazi alipakia miwa huko Muhoroni. Mwaka wa 1971 mnyororo wa trela la miwa ulimbana mkono wa kushoto. Akapoteza vidole vitatu. Vikabaki kidole gumba na kile cha pili.

Gordon, kiongozi wa bendi, alikuja kumwona mara moja. Alileta kilo mbili za sukari. Hakukaa. Baadaye bendi ikapata mpiga gitaa mwingine, na hakuna aliyekuja tena. Joram akafunga gitaa lake kwa shuka, akalitundika ukutani.

Siku moja mama mmoja alipiga hodi.

"Naitwa Milka. Mimi ni mwalimu wa muziki. Mwezi ujao kuna tamasha la jazz hapa mjini. Kabla ya siku hiyo tunafundisha watu wa mitaa, kila jioni, pale ukumbi wa kanisa. Ni bure. Wakubwa kwa wadogo, wote karibu."

"Mimi nilipiga gitaa miaka kumi na miwili," Joram alisema. "Sasa tazama."

Akamwonyesha mkono. Watu wengi wakiuona waligeuza macho. Milka aliushika. Akakikunja kidole gumba, akakikunjua.

"Wa kulia ni mzima?"

"Ni mzima. Lakini wa kubana nyuzi ni huu wa kushoto. Huu umekufa, mwalimu."

"Tubadilishe kazi za mikono, Baba. Wa kulia ubane nyuzi. Wa kushoto upige kwa vidole hivi viwili. Tutatoa nyuzi zote, tuzifunge kinyume, ili ukigeuza gitaa uzi mnene ubaki juu."

"Nyuzi nene hazitaingia katika mifereji ya nyuzi nyembamba."

"Kumbe unajua! Basi kile kipande cha shingoni chenye mifereji tutakigeuza pia."

Joram aliuendea ukuta. Kisha akalishusha gitaa.

Jioni ya kwanza alikuwa kama mtoto. Vidole vya kulia vilikuwa vizito. Karibu naye alikaa Beldina, mama muuza mboga ambaye hakuwahi kushika gitaa. Siku ya tatu Beldina aliweza kuhama kutoka sauti moja ya nyuzi zinazobanwa pamoja hadi nyingine bila kukosea. Joram hakuweza. Akasimama, akatoka nje.

Milka akamfuata. "Umekasirika, Baba?"

"Nasikia wimbo wote kichwani. Mkono hauutoi. Ni afadhali nisingejua kitu."

"Kichwa chako ni cha fundi. Mkono ndio mwanafunzi. Usiuharakishe. Fanya mazoezi nusu saa asubuhi, nusu saa jioni. Sauti moja tu, mpaka itoke safi. Vidole vikiuma, pumzika. Na usikae peke yako siku nzima. Njoo hapa hata kama umekosea."

Nyumbani, Aoko alimsikia akirudia sauti moja. "Baba Apiyo, leo tena ni hiyo tu?" aliuliza.

"Ni hiyo tu. Lakini sikiliza, haikwaruzi tena."

Siku ya tamasha ilifika. Alasiri wanafunzi wa mitaa walipanda jukwaani. Joram alipiga sauti tatu, polepole, nyuma ya uimbaji wa akina mama. Hakukosa hata moja. Aoko na Apiyo walipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Kisha ikapanda bendi ya Gordon. Mpiga gitaa mpya alianza wimbo mmoja, na Joram akaujua mara moja. Aliutunga yeye mwenyewe, mwaka Apiyo alipozaliwa. Kijana yule aliupiga vizuri sana. Watu wakacheza. Hakuna aliyemtaja Joram. Gordon alimwona, akainua mkono, akaendelea kuimba. Joram alisimama katikati ya watu wote wale, na hakuna aliyejua alichokuwa akikisikia. Alisikiliza mpaka mwisho.

Baada ya tamasha Milka alipaswa kwenda kufundisha katika mji mwingine.

"Watu hawa nitawaacha na nani?" alimuuliza Joram. "Unajua nyuzi, unajua nyimbo. Na sasa unajua jinsi mtu mzima anavyoanza upya. Hilo wapiga gitaa wengi hawalijui."

Jumamosi iliyofuata Joram alifungua ukumbi wa kanisa peke yake. Akapanga viti kumi. Alingoja kwa muda mrefu, akidhani hawatakuja. Kisha Beldina akaingia na wenzake wawili, na nyuma yao mzee mmoja aliyekuwa na mkono uliopooza. Mzee alisimama mlangoni, akiuficha mkono ndani ya koti.

Joram alimsogezea kiti. "Karibu, Mzee," alisema. "Nionyeshe vidole vinavyofanya kazi. Tutaanza na hivyo."