Kikombe cha Laban

Kila alfajiri ya likizo ya Agosti, Kageha aliamshwa na sauti ya mama yake akinawa mikono kwa sabuni. Nasambu aliketi kitandani, akakamua maziwa yake taratibu ndani ya chupa iliyochemshwa, akaifunga na kuizika kwenye kisanduku cha barafu. Kisha alimnyonyesha Laban, mdogo wake Kageha mwenye miezi mitano, mpaka akasinzia, ndipo akaondoka kwenda kazini.

Nasambu alipasua samaki katika kiwanda kimoja mjini Kisumu. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha, lakini hakutaka kumwachisha mtoto ziwa. Saa ya chakula, wenzake walipokula, yeye alijifungia stoo akakamua tena, huku msimamizi wake, Bwana Wechuli, akigonga mlango na kunung'unika.

"Mpe kwa kikombe, kidogo kidogo," Nasambu alimwambia Kageha kila siku. "Usimpe kitu kingine chochote, hata maji. Ukishindwa, mwite Mama Akinyi hapo jirani anipigie simu. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Jumanne moja rafiki yake, Shiro, alikuja kumwita wakaruke kamba. Kageha akataka kumlisha Laban upesi upesi. Alivuta chupa kwa mkono mmoja, ikamponyoka, kifuniko kikafyatuka na maziwa yote yakaenea sakafuni. Laban alikuwa akilia. Mama Akinyi alikuwa mlangoni pake akichambua mboga, lakini Kageha aliogopa kusema. Alichukua maziwa ya ng'ombe yaliyobaki ya chai, akayaongezea maji ya mtungi ambayo hayakuchemshwa, akamnywesha mtoto.

Jioni mama akauliza, "Amekunywa yote?"

"Yote," Kageha akajibu.

Kesho yake Laban alianza kuharisha. Kufikia Alhamisi macho yake yalikuwa yamebonyea, na hata kulia hakuweza vizuri. Nasambu hakuwa amekwenda kazini kwa siku mbili. Mama Akinyi alipokuja kumwona mtoto, alitikisa kichwa.

"Mimi nilikuambia, Mama Kageha. Maziwa inakaa kwa barafu kama samaki! Hiyo ndiyo inamaliza mtoto."

Nasambu aliinuka. Aliichukua chupa aliyoikamulia asubuhi ile akitumaini kwenda kazini, akaimwaga mtaroni, akarudi akifuta macho kwa leso. Kageha aliyaona yote. Akachukua ufagio, akatoka kufagia uani.

Walimpeleka Laban zahanati. Muuguzi, Sista Wahu, aliifinya ngozi ya tumbo la mtoto, akakunja uso.

"Amekula nini?"

"Maziwa yangu tu, Sista," Nasambu akasema kwa sauti ya chini. "Nafikiri yameharibika kwa sababu ya kazi. Leo namwachisha."

"Si maziwa yako, Mama!" Kageha akaangua kilio. Akaeleza kila kitu, tangu chupa mpaka maji ya mtungi.

Sista Wahu hakumkemea. Alimgeukia Nasambu. "Maziwa uliyokamua kwa mikono safi na kuyaweka kwenye barafu hayana neno. Usimwachishe. Mnyonyeshe hata sasa, na umpe maji haya ya chumvi na sukari pamoja na tembe hizi za zinki."

Siku nne baadaye Laban alicheka tena. Lakini Nasambu aliporudi kiwandani, Bwana Wechuli alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi yake. Tangu hapo akawa kibarua: siku akiitwa alienda, asipoitwa alikaa.

Hakumchapa Kageha. Kwa siku kadhaa hata hakumtazama usoni, na Kageha aliona heri angechapwa. Jumapili, walipokuwa wakianua nguo, mama akasema:

"Maziwa kumwagika si kosa. Ningekamua mengine. Kosa ni kunificha. Uliniona nikijilaumu ukaniacha nijilaumu, na ndugu yako anazidi kuisha. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama unatetemeka. Tungechelewa siku moja zaidi, tungemzika."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini ile kazi hairudi."

Ndani, Laban alianza kulia kwa nguvu, kilio cha mtoto mzima mwenye njaa. Nasambu alimwachia binti yake rundo la nguo mikononi, akaingia kumnyonyesha.