Papa Mahali pa Blanketi

Kila asubuhi kisiwani Kudhaa kazi yangu ilikuwa moja: kugeuza papa. Wavuvi wakishampasua samaki na kumtia chumvi, mimi nilipanda uchanjani nikageuza kipande kimoja kimoja ili kikauke pande zote. Kisha nilimwosha uso mdogo wangu Badi, mwenye miaka mitano, nikampa uji, tukaenda chuoni kusoma Kurani. Mama yetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo mimi Barke, wa miaka kumi na miwili, nilijiona mwanamke wa nyumba. Nilijiona, nasema. Na ole wake anayejiona.

Mwaka ule Wataliani walikuwa wameiteka Uhabeshi, na malori yao yalikwenda mpaka Harar, mji wa milimani. Baba yangu, fundi Aboud, seremala wa madau, alipata kazi ya kutengeneza milango huko kwa mwaka mzima. Akasema tutakwenda naye.

Basi wanawake wa Kudhaa wakanijia na papa. Hiyo ndiyo desturi yetu: mtu wa Kudhaa hafiki kwa watu mikono mitupu, na zawadi yetu ni papa mkavu. Kila nyumba ilitoa kipande. "Mtafikia kwa Mzee Hussein, mwenyeji wenu huko Harar," walisema. "Asije akasema sisi mafukara." Tulipofika Kismayo kupanda lori, nilikuwa na kikapu kizima cha papa na doti nne za leso.

Shangazi Rukia, dada yake Baba, ambaye tulilala kwake, alikiona kikapu akacheka mpaka akakaa chini. Yeye aliwahi kukaa Harar msimu mmoja, marehemu mumewe alipokuwa akiwapikia wajenzi wa barabara.

"Barke, mwanangu, unakwenda kuishi au unakwenda kuoza?" aliniuliza. "Kwenye lori kila mtu furushi moja, tena dogo. Likikwama matopeni mtashuka, mpande mlima kwa miguu na furushi kichwani. Huko ni mvua na baridi mchana kutwa. Papa ana chumvi, na chumvi huvuta maji. Ukimfunga pamoja na nguo, hazikauki ng'o! Papa abaki. Leso, doti moja yatosha."

Alifungua sanduku akatoa blanketi la sufu, la kahawia, lenye mstari mwekundu. Lilikuwa kubwa, la kuwatosha watu watatu. Furushi la Baba lilikuwa limejaa randa, misumeno na patasi, kwa hiyo blanketi likawekwa katika furushi langu.

"Hili ndilo uhai wenu huko," Shangazi alisema. "Hasa wa huyu mdogo."

Nikaitikia, "Ndiyo, Shangazi." Moyoni nilisema, baridi gani hiyo? Mimi baridi naijua. Wakati wa kusi si tunajifunika leso na kulala? Mjuzi mimi! Alfajiri, Shangazi alipokuwa jikoni, nilifungua furushi, nikalitoa blanketi, nikalisukuma uvunguni mwa kitanda. Mahali pake nikatia papa na doti zangu zote nne.

"Blanketi limo?" Baba aliuliza tulipokuwa tukitoka.

"Limo, Baba."

Siku za kwanza zilikuwa za jua na vumbi. Tulikaa abiria kumi na wawili chini ya turubai. Karibu yetu alikaa kuli mmoja mwembamba wa Kismayo, jina lake Nasrudin, aliyekuwa anarudi kazini barabarani. Alimpa Badi tende, akamfundisha kuhesabu ngamia wa njiani. Lori lilipokwama mtoni, alimbeba Badi mgongoni akamvusha bila kuombwa na mtu.

Siku ya saba tulianza kupanda milima, mvua ikaanza. Yallah, baridi ile! Haikuwa ya kusi hata kidogo. Iliingia mpaka kwenye meno. Badi alianza kutetemeka, kisha akaanza kukohoa, na midomo yake ikapoteza rangi.

"Barke, toa blanketi," Baba alisema.

Nilijifanya nafungua furushi. Mvua ilikuwa imepenya, na papa alikuwa amelainika. Maji ya chumvi yalikuwa yamezilowesha leso zote, na harufu yake ikapanda. Niliogopa. Hapo ningeweza kusema, "Baba, nimeliacha." Maneno mawili tu! Lakini nikainua macho, nikamwona Nasrudin amejifunika blanketi la kahawia, lenye mstari mwekundu. Wajenzi wote wa barabara walipewa ya namna ile ile, kumbe na la Shangazi lilitoka huko huko.

"Halimo," nikasema. "Lile pale. Huyu amelitoa tulipolala."

"Mimi?" Nasrudin alishangaa mpaka akatabasamu, akidhani ni utani wa watoto. "Mwanangu, hili ni langu. Nilipewa kazini."

Baba alinikazia macho. "Una hakika, Barke?"

"Wallahi, Baba."

Nikaapa! Mdomo huu huu. Abiria wakaanza kupiga kelele: mwizi, amemwibia mtoto! Watu waliokula naye asubuhi ndio waliopiga kelele zaidi. Mtaliano aliyekuwa akiendesha akasimamisha lori, na askari aliyekaa naye mbele akaja nyuma. Hakuuliza swali hata moja. Alimpiga Nasrudin kofi la sikio, akampiga la pili pale pale, na la tatu, akalivuta blanketi akamtupia Baba.

"Mwizi atakaa na mvua," alisema. "Tukifika Harar atakwenda gerezani."

Akamsukuma mpaka mwisho kabisa wa lori, nje ya turubai. Nasrudin alikaa pale, shati likimgandama mgongoni, mkono ameuweka sikioni.

Baba alitufunika, Badi kifuani pake na mimi ubavuni. Blanketi lilikuwa na joto. Nasema kweli, kwa aibu: nilistarehe. Nilimtazama yule mtu akilowa, nikasema moyoni, si mbali, atavumilia. Badi aliacha kutetemeka. Kisha akatoa kichwa nje akaniambia, "Dada, hili halinuki sanduku la Shangazi. Linanuka tumbaku ya Mjomba Nasrudin."

"Nyamaza, ulale," nikamwambia, na nikamfinya.

Baba alisikia. Nilihisi mkono wake ukiondoka begani kwangu.

Kabla ya kufika kileleni lori likakwama. Watu wote waliamriwa washuke wasukume. Nasrudin alijaribu kushuka, miguu ikakataa, akaanguka matopeni kifudifudi. Askari akamwendea akamtia teke la mbavu. "Inuka, mwizi! Unajifanya mgonjwa?" Abiria wakacheka. Askari akainua mguu tena.

Hapo ndipo nilipopiga ukelele. "Mwache! Si mwizi! Mimi ndiye mwongo!"

Wote wakageuka. Nilikuwa nalia mpaka sikuona mbele. "Blanketi letu nililitoa mwenyewe Kismayo. Liko uvunguni kwa Shangazi. Nilitia papa. Lile ni lake, Baba, ni lake!"

Abiria hawakucheka tena. Wale waliokuwa wakipiga kelele wakawa wanatazama matope. Askari ndiye aliyeangua kicheko.

"Basi nifanyeje?" alisema. "Nimwombe anirudishie makofi yangu?" Akaenda zake mbele kuwasha sigara.

Baba aliingia matopeni akamwinua Nasrudin, akamvua shati, akamfunga kwa blanketi lake. Akamketisha katikati ya turubai, akampakatisha Badi wapashane joto. Kisha akanishika mkono, akanipeleka mwisho wa lori, akakaa nami mvuani mpaka Harar. Nilijifunika leso zangu nzuri. Zote zilikuwa mbichi kwa chumvi, na kadiri nilivyojifunika ndivyo nilivyozidi kuganda.

Kwa Mzee Hussein tulifikia kwenye moto na maziwa. Wala hakuuliza tumeleta nini. Papa alikuwa ameoza, akatupwa jalalani siku ile ile. Badi alikohoa siku nne akapona. Nasrudin, ambaye Baba alimchukua pamoja nasi, homa ilimshika siku tisa. Nilichemsha maji, nikamnywesha uji, nikafua nguo zake. Siku ya kumi alikaa kitako, nikapiga magoti kumwomba radhi. Alinitazama tu. Nikaomba tena, naye akageuza kichwa.

"Sema upande huu, mtoto," alisema. "Lile sikio halisikii tena."

Nikasema upande ule. "Wewe nimekusamehe," akasema. "Mdogo wako nampenda. Lakini usije ukaniapia jambo tena, maana sitakuamini."

Nikatoka nje kulia. Baba alikuwa barazani anapiga randa ubao wa mlango. Aliweka randa chini, akaniita nikae mbele yake.

"Shangazi yako alikuambia ubebe kidogo, ukajifanya unajua," alisema. "Hilo ni kosa la mtoto, na lingetugharimu mafua tu. Tungebanana sote watatu mpaka hapa. Ulipoona umekosea, ulikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake ukamtafuta mtu wa kumtwisha kosa lako, tena mtu aliyembeba ndugu yako mgongoni. Na mimi, mtu mzima, nikapokea blanketi bila kuuliza mara ya pili. Nitajibu kwa Mungu kwa hilo."

"Baba, tutafanya nini?"

"Atakaa nasi mpaka apate nguvu, na nitamtafutia kazi kwangu. Blanketi tutaliagiza, Barke. Shangazi yako atalileta kwa lori lijalo. Lakini sikio la mtu haliagizwi. Ukikosea tena, sema siku ile ile, hata kama utapigwa. Afadhali upigwe wewe."