Beseni Lililosuguliwa kwa Majivu

Kila asubuhi, kabla ya kengele, Kazija alipita uwanja wa skuli ya Chwaka kufukuza kunguru kwenye beseni la Bwana Msabah. Beseni hilo liliwekwa juu ya kigogo mwaka ule wa 1957, likinge mvua. Bwana Msabah, mpimaji kutoka mjini, aliwaeleza wanafunzi kwamba hewani mna vumbi lenye miale ya asili isiyoonekana, na mvua huliteremsha. Alitaka kujua vumbi hilo hushuka kiasi gani huku pwani. Amri yake ilikuwa moja tu: "Mtu asilitie mkono."

Jumatatu kunguru walilichafua. Kazija, aliyelelewa na bibi asiyevumilia chombo kichafu hata cha jirani, aliona haya mgeni alikute vile. Akalisugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka likang'aa, akalisuuza kidogo tu, maana visima vya pale ni vya chumvi na maji matamu hayachezewi. Jioni mvua ikanyesha.

Siku ya pili Bwana Msabah aliyachemsha maji ya beseni mpaka yakakauka, akasogeza mashine yake ya kupimia miale kwenye masalio. Ikalia tatata, tatata, haikunyamaza. Uso ukamsawijika.

"Haijapata kulia hivi! Msinywe maji ya mvua. Yamwageni!"

Kijiji kizima kikapigwa na butwaa. Jirani na skuli, Bi Mashavu, aliyejifungua siku chache nyuma, aliinua mtungi wake huku akilia, akaumwaga. Moyo ulimwambia Kazija nyamaza, utachapwa. Macho yakaona mchanga ukiyanywa maji yale.

"Msimwage!" akapiga ukelele. "Beseni nlilisugua mie, kwa majivu!"

Bwana Msabah alichota jivu jikoni, akalipima. Tatata! Akachemsha maji ya mvua ya mtungi mwingine mpaka yakakauka, akapima. Mashine ikalia moja moja. Akakaa kitako pale pale.

"La haula! Kumbe ni jivu, nalo lina miale yake isiyomdhuru mtu. Ningerudi mjini na hesabu hii, pwani nzima ingekaa na kiu!"

Kazija akangoja bakora. Mwalimu Silima wa darasa lake akamshika bega.

"Usafi si kosa, mwanangu. Kosa ni kugusa ulichokatazwa, kisha ukanyamaza. Ungesema asubuhi, Bi Mashavu angekuwa na maji yake. Ukweli ukicheleweshwa, hulipa asiyekosa. Haya, mpelekee nusu ya maji ya kwenu."

"Naam, Mwalimu."

Mlangoni kwa Bi Mashavu, Kazija alitua mtungi, akafungua kinywa kutoa shikamoo. Machozi yalimtangulia.